Miwani Iliyobaki Kabatini

Miwani ya uhalisia pepe ikiingia nyumba ya Chumbageni, Tanga, wiki ya kwanza haina mwenyewe. Watoto, shangazi, jirani aliyesikia vicheko, kila mmoja anadai zamu yake. Sisi watafiti tunaanza kufuatilia baadaye, watazamaji wakishaondoka.

Mwaka 2001 Anol Bhattacherjee alichapisha kielelezo kinachotumika hadi leo: mtu huendelea na teknolojia ikiwa alichotarajia amekipata, ameridhika, na anaiona ina faida. Sawa, lakini alikipima kwa wateja wa benki ya mtandaoni, na benki haimtii mtu kichefuchefu.

Miwani inatia. Ukijifungia ndani ya meli ya Pemba wakati wa kusi, sikio la ndani linahisi mawimbi huku macho yakiona ukuta umetulia. Kwenye miwani ni kinyume: macho yanakimbia, mwili umekaa kwenye kochi. Mchezo unaokutembeza kwa miguu yako mwenyewe hausumbui sana. Unaokusukuma kwa kitufe ndio wenye balaa, na anayeanzia huo mara nyingi harudi. Ongeza joto. Miwani ya Quest 2, iliyotoka 2020, ina uzito wa nusu kilo hivi. Januari ya Tanga, sponji ya usoni inalowa jasho na lenzi zinaingia ukungu kabla betri haijafika nusu.

Wengi hudhani dawa ya miwani kuachwa kabatini ni kupiga picha za nyuzi 360 za mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Mimi ningependa zaidi kushuka mita mia moja kumwona samaki silikanti, ambaye tangu 2004 amekuwa akinaswa na majarife ya wavuvi wa Tanga. Ningeshuka mara moja tu. Google nao walikuwa na Expeditions, programu ya kuwatembeza wanafunzi duniani, wakaizima 2021.

Kinachomrudisha mtu ni kisichokwisha: mazoezi ya viungo, alama za jana za kuvunja, na zaidi ya yote mpinzani. Binamu aliye Muscat angefaa, ila naye awe na miwani yake, na bando la huku listahimili. Ndiyo maana naona miwani hii itadumu zaidi kwenye vibanda vya gemu kuliko majumbani. Kule feni ipo, mpinzani anasubiri zamu, na mwenye kibanda anaifuta lenzi kwa sababu ndiyo inayomlipia pango.