Kingamwili zikigeuka: kipimo cha damu cha miastenia

Butembo na Beni, kwetu mashariki mwa Kongo, zinajua kungoja majibu ya damu. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, mashine za GeneXpert zilitoa jibu kwa saa chache. Na dawa mbili zilizookoa watu wengi zaidi katika majaribio yaliyoanza Novemba 2018 zilikuwa kingamwili. Moja, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Kwa hiyo ndugu wakituuliza sisi tulio Ulaya kwa nini mashine zilezile hazipimi miastenia gravis, wana haki ya kuuliza.

GeneXpert hutafuta vinasaba vya kijidudu. Miastenia haina kijidudu. Ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe zinazoziba na kubomoa vipokezi ambavyo msuli hupokelea amri ya neva. Asubuhi mtu ni mzima. Jioni kope zinashuka, anaona vitu viwiliviwili, anachoka kutafuna. Ikifika misuli ya kupumua, inaweza kuua.

Mwaka 1973 Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwadunga sungura vipokezi vilivyotolewa kwenye mkunga wa umeme, miili yao ikatengeneza kingamwili dhidi yake, na sungura wakalegea. Miaka mitatu baadaye Lindstrom na wenzake walionyesha kwamba kingamwili hizo zinapimika katika damu ya wagonjwa. Kipimo chao kilitumia sumu ya nyoka iliyotiwa mnururisho, maana sumu hiyo hung'ang'ania vipokezi. Maabara ya namna hiyo haijengwi popote tu.

Lakini hata huku Ulaya, jibu la "hakuna" halimalizi kesi. Ugonjwa ukiwa umeenea mwilini, kipimo hunasa wagonjwa kama 85 kwa 100. Ukiwa machoni tu, karibu nusu. Daktari wa Butembo anaweza kuanza bila maabara: barafu juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2, kisha aangalie kama kope imepanda. Kuna pia kipimo cha sindano ya neostigmini.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa ya malaria, kwinini. Kwetu malaria haikosekani, na kwinini humlegeza zaidi mwenye miastenia, hata pumzi imshinde. Jentamisini, dawa ya kuua bakteria, nayo ni hatari. Ambaye kope zake hushuka kila jioni amwambie muuguzi kabla dripu haijatundikwa, aulize kama artesuneti ipo badala ya kwinini.