Suluhu Kabla ya Mfupa Kuunga: Wajibu wa Wakili kwa Majeruhi

Katika karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na wapagazi wa Kinyamwezi walipatana ujira wao kabla ya kuondoka. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na mpagazi aliweza kuupima begani kabla ya kukubali. Leo, majeruhi wa ajali za barabarani mkoani humo huombwa kukubali fidia ya mzigo ambao uzito wake haujajulikana bado.

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori. Mfupa wa muundi umevunjika na kutoboa ngozi. Wiki ya 3, angali wodini, kampuni ya bima ya lori inaahidi fedha kwa sharti kwamba atie saini hati ya kuachilia madai yote. Nyumbani kuna madeni na karo ya watoto. Je, wakili wake amshauri nini?

Kitabibu, wiki ya 3 ni mapema mno. Mfupa wa namna hiyo huweza kuhitaji miezi 6 au zaidi ili uunge. Wakati mwingine hauungi, au huunga ukiwa umepinda au kufupika. Maambukizi ya mfupa nayo huweza kujitokeza baada ya miezi mingi na kudai upasuaji mwingine. Hati ikishatiwa saini, kwa kawaida gharama hizo humwangukia majeruhi mwenyewe.

Kwa hiyo, wajibu wa kwanza wa wakili ni kumfikishia mteja kila pendekezo la suluhu na kulifafanua kwa lugha anayoielewa, pamoja na hasara ya kukubali na ya kukataa. Pili, uamuzi ni wa mteja. Akichagua kupokea mapema kwa sababu ya shida, hiyo ni haki yake, ilimradi anajua anachokiacha. Tatu, wakili atafute maoni ya daktari kuhusu hali ya baadaye, huku akichunga muda: kwa sheria ya Tanzania, madai ya madhara ya uzembe hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Nne, aeleze ada yake mapema na asiruhusu tamaa ya malipo ya haraka imwongoze. Anayekiuka maadili huweza kushtakiwa mbele ya Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341.

Majeruhi akiwa mtoto na shauri lipo mahakamani, mlezi hawezi kufunga suluhu bila idhini ya mahakama.

Sisi watoa huduma za afya tuna sehemu yetu. Fomu ya polisi namba 3 (PF3) ijazwe kwa ukamilifu. Ripoti isiishie kwenye neno "amevunjika mguu", bali itaje matibabu yanayotarajiwa, uwezo wa kurudi kazini na ulemavu unaoweza kubaki. Tusiongeze wala kupunguza kwa kumpendelea yeyote, na tusitoe siri za mgonjwa bila ridhaa yake.

Nawe mgonjwa, kabla ya kuweka saini au dole gumba, muulize daktari: "Je, matibabu yangu yamekwisha?" Kisha mpelekee wakili wako jibu hilo.