Kutoka Kinyume hadi AES

Kinyume ni usemi wa kufichana wa watu wa pwani: silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele, samaki akawa kisama, na kijiji cha Kigombe kikawa Mbekigo. Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Kasoro ya kinyume ni kwamba aliyekwisha kuijua kanuni hafichwi tena neno. Mwaka 1883 mwanaisimu Auguste Kerckhoffs alitaka kanuni iwe salama hata ikianguka mikononi mwa adui; siri ibaki kwenye ufunguo tu.

Ndivyo ilivyo AES, kanuni ya kufumba ujumbe, kazi ya Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, iliyochaguliwa Marekani mwaka 2000 kati ya kanuni 15 zilizoshindanishwa. Ujumbe wa WhatsApp kutoka Kigombe kwenda kwa mchuuzi wa Tanga mjini hupita humo. Ufunguo unaofunga ndio huohuo unaofungua. Maandishi hukatwa mafungu ya baiti 16, yakapangwa nne kwa nne. Maneno "Pweza wa Kigombe", pamoja na nafasi zake, ni fungu moja kamili.

Kwanza fungu huchanganywa na ufunguo, kisha mizunguko huanza. Kila baiti hubadilishwa kwa jedwali la thamani 256. Safu husogezwa kwa kuzungushwa, mithili ya silabi za kinyume. Baiti za kila wima huchanganywa. Kisha sehemu nyingine ya ufunguo huingizwa. Jedwali ndilo roho ya kazi: bila hilo, yote yangekuwa milinganyo myepesi ya kufumbuliwa kwa hesabu. Lakini jedwali peke yake halitoshi, kwani Kiswahili kimejaa herufi a, na mbadala wake ungejitokeza mno. Mwanahisabati Claude Shannon alieleza haja ya mambo hayo mawili, kuvuruga na kutawanya, mwaka 1949. Baada ya mizunguko miwili tu, kila baiti hutegemea zote 16; AES huzunguka mara 10 hadi 14, kulingana na urefu wa ufunguo.

Urefu huo si pambo. DES, kanuni ya mwaka 1977, ilikuwa na ufunguo wa biti 56, na mwaka 1998 mashine moja ilijaribu funguo mpaka ikaupata, kwa muda usiofika siku tatu. AES huanzia biti 128.

Hata hivyo, fungu lilelile kwa ufunguo uleule hutoa fumbo lilelile, na marudio huonekana. Kwa hiyo njia mojawapo ni kuchanganya kila fungu na fumbo lililotangulia kabla ya kulifunga, na la kwanza kabisa huchanganywa na namba ya kubahatisha.