Aibu ya neno isimnyime mzee usingizi

Katika lugha ya Kiswahili pana neno ambalo mtu mzima akiitwa hadharani hutamani ardhi ipasuke immeze. Neno lenyewe ni kikojozi. Ndilo wanalorushiwa wanafunzi wanaolowesha magodoro katika mabweni yetu, na kila aliyepitia shule ya malazi analifahamu. Kimuundo, nomino hii ina kiambishi ki- kilekile tunachokipata katika kiongozi na kinyozi, ambamo hakimdunishi mtu yeyote. Lakini kiambishi hichohicho ndicho kinachojitokeza katika kipofu, kiziwi na kiwete, maneno yanayomtaja mtu kwa upungufu wake kana kwamba hana sifa nyingine. Kikojozi limeegemea upande huu wa pili, tena kwa kejeli.

Sasa mtafakari, ndugu msomaji, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 68, mtu anayeheshimiwa kijijini na ambaye hakuna harambee wala harusi inayofanyika bila ya yeye kukaa mbele. Mtu huyo anaamka alfajiri na kukuta shuka limelowa. Amwambie nani? Kwa mkewe ataona haya, na kwa mwanawe ataona amejivunjia heshima. Aghalabu wazee wa namna hii hunyamaza. Hutandika karatasi za nailoni chini ya shuka, huacha kunywa maji tangu adhuhuri, na hukataa katakata kulala ugenini hata kama ni matanga ya ndugu wa tumbo moja. Wahenga waliponena kuwa mficha uchi hazai, walikuwa wakiwazungumzia watu kama hawa.

Lugha nayo haimsaidii. Kiswahili kina tasfida nzuri za kukitaja kitendo chenyewe: haja ndogo, kutabawali, kujisaidia. Hata hivyo, tasfida hizo husitiri kitendo tu. Hazijasitiri tatizo la kushindwa kukizuia. Na mzee huyo akipiga moyo konde aende kwenye duka la dawa, itambidi aulizie nepi, neno tulilolipokea kutoka Kiingereza pamoja na picha ya mtoto mchanga mgongoni mwa mamake. Wengine huita kifaa hicho kwa jina la biashara la kampuni moja, ambalo pia linanuka maziwa ya mtoto.

Ilhali Kiswahili kina neno lake la kale. Winda ni kitambaa afungwacho mtoto mchanga, naam, lakini jirani yake katika kamusi ni uwinda, yaani namna ya kuvaa nguo kwa kuipitisha baina ya mapaja na kuichomeka kiunoni. Waliopiga uwinda hawakuwa wachanga. Walikuwa mabaharia na wanaume wa kazi za sulubu ambao hawakutaka nguo iwazuie. Kwa hiyo napendekeza tukiite kifaa hiki winda la usiku, jina ambalo mwanamume mzima anaweza kulitamka bila ya kuinamisha kichwa. Nitalitumia katika makala haya.

Kabla ya duka, lakini, ni daktari. Tezi kibofu, ambayo huuzunguka mrija wa mkojo mara tu unapotoka kwenye kibofu, hukua kadiri mwanamume anavyozeeka, na huweza kuubana mrija huo. Kibofu kisipomwaga chote hujaa siku hadi siku, mwishowe hufurika usiku wakati misuli imelegea. Mgonjwa hudhani mkojo wake unatoka kupita kiasi, kumbe shida ni kwamba hautoki ipasavyo. Shinikizo hilo linaweza kurudi nyuma hadi kwenye figo na kuziharibu polepole bila ya maumivu yoyote. Hapo winda lililonunuliwa bila ya uchunguzi huyakausha mashuka huku likiificha figo inayokufa. Sababu nyingine ni kisukari, kiharusi, majeraha ya uti wa mgongo, upasuaji wa saratani ya tezi hiyo, maambukizi, vileo, dawa za usingizi, na hata vidonge vya kutoa maji mwilini vinavyomezwa jioni badala ya asubuhi. Baadhi ya hizo hutibika kabisa. Aidha, akionaye damu katika mkojo, au ashindwaye kabisa kukojoa, au mwenye homa na maumivu ya kiuno, au anayehisi miguu ikifa ganzi, asingoje kesho.

Tuseme basi daktari ameshamwona, matibabu yameanza au yamefika kikomo chake, na mkojo ungali unatoka usiku. Hapa ndipo namna ya kulala inapokuwa na uzito. Wanaume wengi hulala ubavu. Wapo wanaokoroma walioshauriwa kuacha kulala chali. Wapo Waislamu walalao ubavu wa kulia kwa kufuata mwenendo wa Mtume. Wapo wagonjwa wa kiharusi wanaogeuzwa upande huu na huu ili wasipate vidonda. Kwa bahati mbaya vifaa vingi huwafaa zaidi watu waliosimama au waliolala chali.

Maji hufuata mteremko. Mtu akisimama, mkojo hushuka kati ya mapaja, mahali ambapo sehemu ya kufyonza ni nene kuliko kwingineko. Akilala chali, huelekea makalioni. Akilala ubavu, hukimbilia kinena cha upande wa chini na kupita juu ya paja hadi kwenye nyonga, na hapo vifaa vingi vina kitambaa chepesi tu. Isitoshe, alalaye ubavu hukunja magoti, na mkunjo huo hufungua upenyo pembeni mwa paja. Zaidi ya hayo, mchana mkojo unaweza kutoka kwa matone, ilhali usiku kibofu huweza kumwaga kwa mkupuo mililita 300 au zaidi. Nusu ya winda hubaki kavu kabisa huku nusu ya pili ikizidiwa.

Kutokana na hayo tunaweza kupanga vifaa kwa daraja. Kwanza ni kikinga kidogo cha mbele chenye umbo la mfuko, kinachobandikwa ndani ya chupi. Hiki ni cha matone ya mchana. Alalaye ubavu asikitegemee. Pili ni winda la kuvuta, livaliwalo kama chupi. Linamfaa anayeamka mwenyewe lakini mkojo ukamtangulia akielekea msalani. Tatu ni winda kamili la kufunga kwa tepu pembeni. Kwa anayelowa sana na kulala ubavu, hili ndilo la kuanzia, mradi sehemu yake ya kufyonza ifike nyongani na liwe na kingo za ndani zilizosimama kandokando ya mapaja.

Kipimo kisikadiriwe kwa macho. Chukua futikamba, pima kiuno, kisha pima nyonga, na ufuate kipimo kikubwa kati ya hivyo viwili. Watu wengi hununua kubwa zaidi wakidhani ukubwa ni uwezo. Winda linalopwaya huacha upenyo, na upenyo ndio mlango wa mkojo.

Vilevile tusidanganywe na tarakimu za pakitini. Mnamo mwaka wa 1996, shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kipimo nambari 11948-1, ambacho huzamisha kifaa kizima katika maji ya chumvi na kupima kiasi kilichobaki ndani. Kipimo hicho hufaa kulinganisha kifaa kimoja na kingine. Lakini hakuna mtu alalaye ndani ya ndoo. Mwilini, hasa ubavuni, winda huvuja kabla ya kufikia kiasi hicho. Anayetoa mililita 600 kwa usiku asinunue kifaa kilichoandikwa 600; atafute chenye uwezo unaoizidi tarakimu hiyo mara kadhaa.

Atajuaje kiasi anachotoa? Walimu wa hisabati watafurahi kusikia kwamba mizani ya jikoni inatosha. Gramu moja ya mkojo ni takriban mililita moja. Winda lililokuwa na gramu 120 likiwa kavu na gramu 720 asubuhi limepokea mililita 600. Mzee pia apime mkojo wa mchana kwa chombo chenye alama. Ikiwa ana zaidi ya miaka 65 na mkojo wa usiku unazidi theluthi moja ya jumla ya saa 24, amwarifu daktari, kwa kuwa mwili wake unatengeneza mkojo mwingi usiku na hilo lina tiba zake.

Uvaaji nao ni elimu. Winda likunjuliwe na kukunjwa kwa urefu kama mtumbwi ili kingo za ndani zisimame. Uume uelekezwe chini. Ukielekea juu au pembeni, mkojo utamwagika kiunoni kabla ya kufyonzwa, na hii ni sababu kubwa ya wanaume kulowa licha ya kuvaa kifaa kizuri. Tepu za chini zifungwe kwa kuelekezwa juu kidogo, na za juu zielekezwe chini. Kisha kidole kipitishwe kuzunguka mapaja kuhakikisha kwamba kingo zimekaa ndani ya mkunjo wa kinena. Chupi ya kubana kiasi ivaliwe juu ili kulishikilia winda anapogeuka.

Uwezo ukikosa kutosha, kuna pedi ya nyongeza inayowekwa ndani. Sharti iwe haina nailoni mgongoni, ili ikijaa ipitishe mkojo kwenye winda. Kuvaa mawinda mawili ya kawaida, moja juu ya jingine, ni hasara, kwa maana nailoni ya la ndani huzuia la nje lisipate hata tone. Wenye kutoa mkojo mwingi sana wanaweza kumwuliza daktari kuhusu mpira uvikwao uumeni kama kondomu na kuunganishwa na mfuko ulioning'inizwa chini ya kitanda, upande ule anaouelekea. Huo haumfai mtu ambaye kibofu chake hakimwagi. Na kwa anayeamka kwa wakati, chupa ya mkojo kando ya kitanda hugharimu kidogo, na alalaye ubavu anaweza kuitumia bila ya kuinuka.

Doa la asubuhi lisomwe kama maandishi. Likiwa nyongani huku katikati ya winda kukavu, tatizo ni pembeni: badilisha umbo au kipimo. Likiwa kiunoni mbele, tatizo ni mwelekeo wa uume. Winda likiwa limejaa kote, tatizo ni uwezo. Mtu akiandika mambo haya kwa muda wa juma moja hatanunua pakiti tano za kubahatisha.

Godoro pia lilindwe kwa kifuniko kisichopitisha maji, juu yake kitambaa kizito cha kufyonza kinachofulika, ili usiku mmoja mbaya usiharibu kila kitu. Ngozi ioshwe taratibu asubuhi na kukaushwa, kisha ipakwe mafuta ya kinga kidogo tu. Mafuta mengi huziba uso wa winda. Mzee asijinyime maji. Anywe ya kutosha mchana na kupunguza saa mbili au tatu kabla ya kulala, maana mkojo mzito hukiwasha kibofu. Na winda lililotumika lisitupwe chooni: chembechembe zake hufura zikilowa na kulijaza shimo, wala nailoni yake haiozi.

Gharama ni jambo zito kwa pensheni ndogo. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, ambao hatimaye uliondolewa, ulipopendekeza ushuru wa mazingira uliozigusa nepi, kilio kilichosikika sana kilihusu watoto wachanga na sodo za wasichana. Kilikuwa kilio cha haki. Lakini mzee naye hununua, tena kila usiku, na hana wa kumlilia kwa sababu mwenyewe hathubutu kusema. Asiyemudu za kutupwa anaweza kutumia taulo la pamba lililokunjwa mara kadhaa, likiwa refu hadi nyongani, pamoja na chupi ya juu isiyopitisha maji. Lifuliwe na kuanikwa juani.

Mwalimu mwenzangu, neno kikojozi likisikika darasani au bwenini kesho, usilipite kana kwamba ni utani. Mtoto anayelisikia leo hulibeba hadi uzeeni, na ndilo litakalomfunga mdomo mbele ya daktari. Nawe mwanafunzi, utakapokwenda likizoni na ukaona babu anafua shuka lake mwenyewe kabla ya jua kuchomoza, usimwulize mbele ya watu. Mwambie faraghani, kwa heshima, kwamba umesoma gazetini juu ya winda la usiku, na kwamba uko tayari kufuatana naye zahanati. Akikubali, beba futikamba mtakapokwenda dukani.