Ini Linaloota Upya na Ini Lenye Saratani (II)

Katika makala iliyotangulia tulieleza kwamba maagizo ya uhai wa kila chembe yamehifadhiwa katika DNA, na kwamba hayatumiki ila kwa kunakiliwa kwanza katika RNA, mfano wa kadhi atoaye nakala ya hati ilhali daftari lenyewe halitoki mahakamani.

Utaratibu huo huonekana wazi katika ini linaloota upya. Mnamo mwaka 1931 wataalamu wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliwapasua panya, wakawaondolea theluthi mbili za ini. Na sehemu iliyosalia, badala ya kudhoofu, ikapanuka hata ikakaribia uzito wa ini zima kwa muda wa siku chache tu. La ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni mfuatano wa mambo yenyewe. DNA ya ini la panya wa namna hiyo hurudufiwa kwa wingi yapata saa 24 baada ya kupasuliwa, lakini RNA hutangulia: katika saa za awali nakala za jeni ziitwazo fos na myc huongezeka ghafula, kisha nyukleoli, lile doa lililomo ndani ya kiini ambamo hutengenezwa RNA ya ribosomu, huvimba kwa wingi wa kazi. Akipewa mapema aktinomaisini D, dawa izuiayo kunakili, DNA nayo hukwama.

Chembe za saratani pia aghalabu zina nyukleoli kubwa na myc nyingi, hata mtu akipima wingi wa RNA peke yake aweza kudanganyika. Tofauti imo katika kukoma na katika kuchagua. Ini linaloota upya hushusha myc baada ya saa chache, wala haliachi kunakili jeni ya albumini, kwa kuwa mwili hauwezi kungoja. Saratani haikomi, tena mara nyingi hufufua jeni za kitoto. Mwaka 1963 Abelev na wenzake, huko Moscow, walikuta katika panya wenye saratani ya ini alfa-fetoprotini, ambayo ni protini ya mimba, na mwaka uliofuata Tatarinov akaikuta kwa wagonjwa. Ini linaloota huweza kuitoa pia, lakini kidogo na kwa muda.

Kwetu Afrika Mashariki saratani ya ini ina uzito wake, maana sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa penye unyevu hubadilishwa na ini lenyewe ikawa kitu kinachonata katika DNA, kikaharibu jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuzuia chembe zenye kasoro zisigawanyike; na aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake huzidi maradufu. Habari za virusi hivyo, na chanjo yake, zitafuata katika makala ya tatu.