Radi Haitumwi na Mtu

Katika milima ya Kivu, wakati wa mvua, asubuhi huwa njema. Jua linawaka, umande unakauka, nao watoto wanashika njia ya masomo na vitabu vyao. Lakini saa sita ikipita, mawingu huanza kukusanyika juu ya vilima. Kufika saa nane mbingu imekuwa nyeusi, upepo unapasua majani ya migomba, na ngurumo inasikika kwa mbali. Nayo ndiyo saa ambapo watoto wengi wanarudi nyumbani kwa miguu, wakipita katika mashamba na migongo ya vilima isiyo na nyumba.

Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi ajue radi ni kitu gani, inaua kwa njia gani, na jinsi ya kujikinga nayo. Tena yafaa ajue jambo la nne, ambalo huokoa uhai wa watu baada ya radi kwisha kupiga. Jambo hilo litaelezwa mwishoni.

1. Radi ni kitu gani?

Mtu akichukua kitana cha plastiki na kukisugua sana katika nywele kavu, kisha akikikaribisha kwenye vipande vidogo vya karatasi, vipande hivyo vinaruka na kushikamana nacho. Hakuna uchawi hapo. Kusugua kumezaa umeme kidogo.

Katika wingu kubwa la mvua jambo ni lile lile, ila kwa nguvu nyingi kupita kiasi. Hewa yenye joto inapanda juu sana pamoja na mvuke wa maji. Huko juu kuna baridi kali, na maji yanageuka kuwa vipande vya barafu. Vipande vikubwa na vidogo vinagongana bila kukoma. Basi umeme wa namna moja unakusanyika juu ya wingu, na umeme wa namna nyingine unakusanyika chini yake. Ukizidi mno, hewa haiwezi tena kuutenga. Umeme unaruka toka wingu hata wingu, au toka wingu hata udongo. Huo ndio umeme wa radi.

Njia unamopita inapata joto la digrii 30.000 hivi, yaani mara tano kupita joto la uso wa jua. Hewa ya hapo inatanuka ghafula na kulia kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho ngurumo. Basi umeme na ngurumo ni ndugu wa tumbo moja, wamezaliwa saa moja. Ila mwanga unafika mara moja, nayo sauti inakwenda polepole, mita 340 hivi kwa sekonde moja. Mtu akihesabu sekonde tatu katikati ya mwanga na ngurumo, radi imepiga mbali naye kilometa moja. Akihesabu sekonde 30, imepiga mbali kilometa 10.

2. Mbona radi ni nyingi katika Kivu?

Tangu mwisho wa miaka ya 1990, chombo kilichorushwa juu kuzunguka dunia kilihesabu mianga ya radi ya nchi za joto kwa miaka mingi. Mwaka wa 2016 wataalamu walitangaza hesabu yao. Mahali pa kwanza katika dunia ni ziwa la Maracaibo, katika nchi ya Venezuela. Mahali pa pili ni karibu na Kabare, katika Kivu ya Kusini. Mahali pa tatu ni karibu na Kampene, katika Maniema. Upande wa Kabare, kila eneo lenye kilometa moja kwa kilometa moja linaonekana na mianga 205 hivi kwa mwaka. Si yote inayofika chini. Mingi hukaa mawinguni. Hata hivyo hesabu hiyo ni kubwa sana.

Sababu yake inaonekana kwa macho. Upande wa magharibi kuna msitu mkubwa wa Kongo, unaotoa mvuke kila siku. Upande wa mashariki kuna maziwa. Katikati imesimama milima ya Mitumba. Hewa yenye maji ikifika milimani inasukumwa juu, inapoa, na mawingu makubwa yanazaliwa. Basi watu wa Kabare hawana dhambi kupita watu wengine, wala hawana walozi kupita watu wengine. Wana milima na mvuke.

3. Radi inaua kwa njia gani?

Tarehe 28 Juni 2011, katika Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya. Wanafunzi 18 walikufa pamoja na mwalimu wao, na wengine wengi waliumia. Watu walijiuliza: umeme mmoja unawezaje kuua watoto wengi hivyo?

Jibu ni hili: radi haihitaji kumpiga mtu kichwani ili imwue. Ina njia nyingi. Mara chache inampiga mtu mwenyewe, aliyesimama peke yake mahali pa wazi. Mara nyingine inapiga mti, kisha inaruka toka shina kumwingia aliyejificha chini yake. Mara nyingine inapita katika chuma au waya ambao mtu ameushika. Na mara nyingi sana inaingia udongoni na kutapakaa pande zote. Inapanda kwa mguu mmoja wa mtu na kutoka kwa mguu wa pili. Ndiyo sababu ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja: miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na umeme unapita katikati, penye moyo. Mwenye kundi akiwakuta wamelala hivyo, husema adui amemmaliza. Kumbe ni udongo uliowaua.

Nyumba ya masomo yenye sakafu ya udongo na kuta za miti haiwezi kuwakinga watoto. Mabati hayaiti radi, kama wengine wanavyodhani. Lakini mabati yaliyowekwa juu ya miti, bila waya wa kupeleka umeme chini, hayazuii kitu. Umeme ukifika juu ya bati unatafuta njia ya kushuka, nao unaweza kuwashukia wanafunzi.

4. Padri na chuma chake

Zamani watu wa Ulaya nao hawakujua mambo hayo. Tufani ilipokuja, walipiga kengele za kanisa ili kuifukuza. Lakini mnara wa kanisa ni mrefu kupita nyumba zote, na kamba ya kengele ilikuwa imelowa. Wapiga kengele wengi walikufa kamba ikiwa mkononi mwao.

Mwaka wa 1752, katika Amerika, Benjamin Franklin aliwaonyesha watu kwamba radi ni umeme. Muda mfupi baadaye, katika mwaka wa 1754, padri mmoja wa nchi ya Moravia, jina lake Prokop Diviš, alisimamisha mlingoti mrefu karibu na nyumba yake katika parokia ya Přímětice. Juu yake aliweka vyuma vingi vyenye ncha, na minyororo ya chuma ya kuviunganisha na udongo. Baada ya miaka michache jua kali lilikausha mashamba. Wakristu wake wakasema: «Mtambo wa padri unafukuza mvua.» Wakauangusha.

Basi mtu asidhani kwamba taifa moja limezaliwa na akili na jingine na ujinga. Mwenye njaa na hofu hutafuta wa kumlaumu, hata awe mwenye rangi gani.

Leo chuma cha kukinga radi kinajulikana katika dunia nzima. Kina viungo vitatu: chuma chenye ncha juu ya nyumba, waya nene ya shaba inayoshuka ukutani, na chuma kingine kilichozikwa ndani ya udongo wenye maji. Chuma hicho hakifukuzi radi. Kinaionyesha njia ya kupita, kama vile mfereji unavyoonyesha maji ya mvua njia ili yasiingie nyumbani. Kiungo kimoja kikikatika, vingine havina faida. Tena kisiwekwe na mtu asiyejua kazi hiyo. Shule ya Runyanya nayo iliwekewa kinga ya namna hiyo, miaka kadhaa baada ya msiba wake.

5. Mwanafunzi afanye nini?

Ngurumo ikisikika, mchezo unakoma, hata kama mvua haijaanguka bado na hata kama timu imebakiza goli moja kushinda. Radi inaweza kupiga kilometa 10 mbali na mvua. Mwalimu mwenye busara hawaachi watoto kwenda nyumbani wakati huo. Anawangojesha hata dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Nusu saa ni kidogo. Kaburi ni siku zote.

Mahali pazuri ni nyumba kubwa ya matofali yenye kinga ya radi, ama motokari iliyofungwa yenye paa la chuma. Kibanda cha manyasi, kibanda cha soko, na kivuli cha mti si mahali pa kukimbilia. Kama hakuna nyumba nyingine ila ile isiyo na kinga, watoto wakae katikati, mbali na kuta, milango na madirisha, wasishike chuma, na miguu yao iwe pamoja juu ya ubao wa kiti.

Mtoto aliyekutwa njiani ashuke toka mgongo wa kilima, aache mti ulio peke yake, atoke majini na mtumbwini, aweke jembe chini. Asilale juu ya udongo, maana umeme unapita humo. Watoto wakiwa wengi, wasishikane mikono, bali waachane hatua kumi au zaidi, wakienda upesi kutafuta nyumba nzuri. Hivyo mmoja akipigwa, wenzake watabaki wazima wa kumsaidia.

Na aliyepigwa asiogopwe. Wengine hukataa kumgusa, wakisema radi ingali ndani yake. Si kweli: umeme umekwisha kupita. Kama amelala bila kupumua, mara nyingi moyo wake umesimama tu, nao unaweza kuanza tena. Mtu mmoja akimbie kumwita mwuguzi wa dispensari. Mwingine aweke mikono miwili katikati ya kifua cha mgonjwa na kukandamiza kwa nguvu na upesi, mara 100 hata 120 kwa dakika moja, na ajuaye ampulizie pumzi kinywani. Wasiache mpaka msaada ufike. Kama walioanguka ni wengi, kwanza waendewe wale wanaoonekana kama wafu. Anayelia na kuugua, huyo anapumua. Aweza kungoja kidogo.

6. «Nani ameituma?»

Sasa tufikie jambo la nne. Radi ikiisha kuua, watu hukusanyika penye msiba, na mmoja huuliza: «Nani ameituma?» Kisha jina linatajwa. Kwa kawaida ni jina la mjane mzee asiye na mtoto wa kumtetea, au la jirani waliyegombana naye juu ya shamba. Vijana wanachukua mawe na moto. Jioni ile kuna makaburi mawili mahali pa moja: moja limechimbwa na radi, la pili limechimbwa na watu.

Bwana Yesu alikwisha kuwafundisha wanafunzi wake jambo hilo. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, wakafa. Yesu hakumtafuta aliyeutuma. Alisema kwamba watu wale hawakuwa wakosefu kupita wengine wote wa Yeruzalemu. Na amri za Mungu ni wazi: ya tano inakataza kuua, ya nane inakataza kumshitaki mtu kwa uongo. Anayetaja jina la mjane penye msiba avunja ya nane. Anayeokota jiwe avunja ya tano.

Mtoto hawezi kuwazuia wakubwa kwa nguvu, wala haimfalii kuwakemea. Lakini aweza kukataa kulichukua lile jina toka nyumba hata nyumba. Na jioni, penye moto, aweza kusema kwa heshima: «Baba, mwalimu ametueleza jinsi radi inavyozaliwa mawinguni.» Kisha achukue kitana na vipande vya karatasi, amwonyeshe. Baba akitazama, na babu akitazama, labda siku ya msiba mmoja wao atasimama mbele ya mlango wa mjane na kusema: «Mwacheni mama huyu. Radi haitumwi na mtu.»

Maulizo

1. Kwa nini tunaona umeme kabla ya kusikia ngurumo?
2. Ukihesabu sekonde 12 katikati ya umeme na ngurumo, radi imepiga mbali kilometa ngapi?
3. Kwa nini ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja?
4. Taja viungo vitatu vya chuma cha kukinga radi. Kazi ya kila kimoja ni nini?
5. Watoto watano wamepigwa na radi. Watatu wanalia, wawili wamenyamaza. Utawaendea nani kwanza? Eleza sababu.
6. Wakristu wa padri Diviš walifanya kosa gani? Je, kosa hilo linaonekana hata leo?