Mkanda wa Chuma Ndani ya Giaboksi Ndogo
Sehemu ya Pili

Makala iliyopita ilieleza giaboksi ya otomatiki iliyozoeleka: toki konveta mbele, gia za sayari nyuma yake, na klachi za ndani zinazoamua gia ipi ishike. Njia hiyo ilifunguliwa na Hydra-Matic ya General Motors, iliyoingia sokoni na magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. ZF ya Ujerumani iliifikisha mbali kwa giaboksi ya gia nane iliyoanza kutumika mwaka 2009. Kwa gari kubwa, ni njia nzuri. Kwa gari dogo ina gharama zake, kwa sababu kila gia inayoongezwa hudai nafasi na uzito, na mbele ya Vitz au Passo, ambako injini imekaa kwa upana wa gari, nafasi inayobaki hadi kwenye gurudumu ni finyu mno.

Wahandisi wengine waliuliza swali tofauti: itakuwaje gia zikiondolewa kabisa? Jibu lao ni giaboksi ya mkanda, ile ambayo mafundi na madereva wanaiita CVT. Imo ndani ya magari mengi madogo ya Kijapani yanayoshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kufikia hapo ilichukua miaka mingi, na mwishoni wahandisi walilazimika kuirudisha gia waliyokuwa wameifukuza.

Kwanza, faida yenyewe. Injini ya petroli haitumii mafuta kwa ufanisi uleule katika kila mzunguko. Gari likienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye barabara tambarare, nguvu inayohitajika ni ndogo. Injini inaweza kuitoa nguvu hiyo ikizunguka haraka huku njia ya hewa ikiwa karibu kufungwa, au ikizunguka polepole huku njia hiyo ikiwa wazi zaidi. Namna ya pili hula mafuta kidogo, kwa kuwa pistoni hazihangaiki kuvuta hewa kupitia tundu dogo. Giaboksi yenye gia nne huipa injini nafasi nne tu za kuchagua. Giaboksi ya mkanda huipa nafasi zisizohesabika kati ya mwanzo na mwisho, na kompyuta huiweka injini pale inapokula kidogo.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Kuna puli mbili, moja upande wa injini na nyingine upande wa magurudumu. Kila puli ina nusu mbili zenye mteremko, zikitazamana, na nusu moja huweza kusogea juu ya shafti. Nusu hizo zikikaribiana, mkanda husukumwa kupanda kwenye ukingo wa nje. Zikiachana, mkanda hushuka kuelekea katikati. Gari likiondoka, mkanda huwa chini kwenye puli ya injini na juu kwenye puli ya magurudumu. Mwendo ukiongezeka, mambo hugeuka taratibu, bila dereva kusikia gia ikiingia.

Aliyeliweka wazo hili kwenye gari la familia na kulitengeneza kwa wingi ni Mholanzi Hub van Doorne, aliyezaliwa mwaka 1900. Mwaka 1928 alianzisha karakana mjini Eindhoven, ambayo ilikua hadi kuwa DAF, jina linalofahamika zaidi leo kwa malori. Katika maonyesho ya magari ya Amsterdam ya mwaka 1958, kampuni hiyo ilitoa gari dogo, DAF 600, lenye injini ya silinda mbili ya sentimita za ujazo 590. Halikuwa na kanyagio la klachi. Mikanda miwili ya mpira iliyokaa nyuma ya gari ndiyo iliyopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kwa kuwa kurudi nyuma kulihitaji tu kugeuza mzunguko kabla ya kufika kwenye puli, gari hilo liliweza kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele, na Waholanzi wakaandaa hata mashindano ya kukimbiza magari kinyumenyume.

Lakini mpira una kikomo. Ili ubebe nguvu kubwa bila kuteleza, sharti mkanda uwe mpana na puli ziwe kubwa, na hapo udogo wa giaboksi unapotea. Mkanda wa mpira ulibaki kufaa kwa injini ndogo, na hadi leo ndio unaoendesha skuta.

Van Doorne hakuliacha tatizo hilo. Mwaka 1972 ilianzishwa kampuni ya Van Doorne's Transmissie kwa ajili ya kuendeleza mkanda wa chuma. Ugumu ulikuwa huu: mkanda hupinda kila unapoipita puli, tena mara nyingi katika kila dakika. Bamba nene la chuma likipindwa hivyo lingekatika upesi, na jembamba lisingeweza kubeba nguvu ya injini. Alichokifanya ni kuzigawa kazi hizo mbili. Vipande vidogo vya chuma, takriban 400 kwa mkanda mmoja, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita mbili hivi, hupangwa bega kwa bega kuzunguka mkanda mzima. Vyote hushikwa na mafungu mawili ya pete za chuma, na kila fungu ni pete kadhaa nyembamba mno zilizovikwa moja ndani ya nyingine. Kwa kuwa kila pete ni nyembamba, hupinda bila kuumia, na vile vipande havipindi kamwe.

Ajabu ya mkanda huu ni kwamba hauvuti. Nguvu hupita kwa kusukumana: puli ya injini hukisukuma kipande kilicho mbele yake, nacho kikakisukuma kinachofuata, hadi kwenye puli ya pili. Mtu anaweza kuinua safu ya vitabu kutoka mezani kwa kuibana kwa viganja pande zote mbili, na safu ikawa ngumu kama gogo. Vipande vya mkanda hufanya vivyo hivyo vinapokuwa kati ya puli mbili. Pete kazi yake ni kuilinda safu isifyatuke.

Van Doorne alifariki mwaka 1979, kabla ya kuuona mkanda huo kwenye gari linalouzwa. Ulifika sokoni mwaka 1987, Subaru Justy ikiwa miongoni mwa magari ya kwanza, pamoja na matoleo ya Ford Fiesta na Fiat Uno. Mwaka 1995 kampuni ya Bosch ikainunua Van Doorne's Transmissie, na tangu hapo mkanda wa kusukuma ukaenea hasa kupitia Japani. Honda Fit ya mwaka 2001 iliutumia bila toki konveta. Ilitegemea klachi iliyozama ndani ya oili ili kuondoka, na hivyo kuokoa nafasi zaidi. Vitz ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2005, ikawafikishia CVT madereva wengi wa Afrika Mashariki, wengine bila hata kujua.

Hata hivyo, mkanda una deni lake. Usipobanwa sawasawa huteleza, na chuma kikiteleza juu ya chuma hukwaruzana. Kuubana kunahitaji oili yenye shinikizo kubwa, na shinikizo hilo hutolewa na pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Kwa hiyo sehemu ya mafuta yaliyookolewa na puli humezwa na pampu. Zaidi ya hayo, ili gari liondoke kwa nguvu na pia liende kasi kwa utulivu, puli lazima ziwe kubwa. Ikawa tatizo la DAF limerudi, safari hii kwa chuma.

Mwaka 2009 Jatco ya Japani ilipata njia. Badala ya kuziacha puli zifanye kila kitu, iliweka nyuma yake seti ndogo ya gia za sayari yenye gia mbili. Puli zikaweza kupunguzwa, na tofauti kati ya uwiano wa kuondokea na ule wa mwendo kasi ikapanuka hadi mara 7.3, kiwango kilichozidi giaboksi nyingi za otomatiki za wakati huo. Giaboksi hiyo iliingia kwenye Nissan na Suzuki ndogo.

Toyota ikaenda upande mwingine mwaka 2018. Iliweka gia ya kawaida ya kuondokea. Gari linapoanza kutembea, pale mkanda unapobanwa zaidi na kupoteza nguvu nyingi, mkanda hupumzishwa na gia hufanya kazi. Gari likishika mwendo, mkanda unapokea. Kwa kuwa mkanda haukutakiwa tena kubeba mzigo wa kuondoka, puli zilipunguzwa, na pembe ya mteremko wake ikapunguzwa kutoka nyuzi 11 hadi 9. Daihatsu nayo mwaka 2019, katika Tanto mpya, iliunganisha gia na mkanda ili vigawane nguvu kwenye mwendo kasi. Mfumo huo umo pia ndani ya Toyota Raize, gari ambalo sasa linaonekana mara kwa mara katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam.

Somo la kiufundi ni wazi: ufanisi haukupatikana kwa kuchagua kati ya gia na mkanda. Ulipatikana pale kila kimoja kilipopewa kazi kinayoiweza na kupumzishwa katika ile kinayoshindwa.

Hapa kazi ya mhandisi inakutana na ya fundi wa gereji. Oili ya ATF, ile ya giaboksi za otomatiki za gia, hutengenezwa kwa ajili ya klachi zenye bamba laini, ambazo hutakiwa zishikane bila kushtua. Oili ya CVT ina kazi nyingine: huzuia mikwaruzo, na wakati huohuo huhakikisha chuma kinashika chuma. Anayemimina ATF kwenye giaboksi ya mkanda, kwa sababu ni rahisi au ndiyo iliyopo dukani, anaondoa kile kinachoufanya mkanda ushike. Gari linaweza kuendelea kutembea kwa muda. Kisha huanza kuvuma, kutetemeka linapoondoka, au injini kunguruma bila mwendo kuongezeka, na puli iliyokwisha kuchimbika haiponywi kwa kubadilisha oili. Toyota hutaja TC au FE, Nissan NS-2 au NS-3, kulingana na gari, na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Vilevile gari la CVT likiharibika njiani halipaswi kuvutwa magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini: injini ikizimwa, pampu haizunguki, na mkanda huzunguka bila oili.

Sehemu ya tatu itaihusu Toyota Prius ya mwaka 1997, iliyopata uwiano usio na ngazi bila kutumia mkanda wala puli, kwa seti moja ya gia za sayari na mota mbili za umeme.